Ngurumo Chini ya Sakafu: Uzoefu Wangu na Huduma ya Kulinganisha Injini ya Boti na Shafti

Boti yangu ina injini ya dizeli iliyofungwa ndani, na shafti yake hupita tezini (nyuma ya boti) hadi kwenye rafadha, yaani panga linaloisukuma boti majini. Msimu uliopita ilianza kunguruma kwa namna nisiyoizoea: kila nilipoingiza gia na kufikia mizunguko 1,400 kwa dakika, sakafu ilitetemeka na chini yake pakasikika mgongano mzito, kama mtu anayetwanga kinu chumba cha pili. Gia ikiwa huru, ngurumo hiyo haikusikika kabisa.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika chache, boti ikiwa imefungwa gatini, akakata shauri kwamba giaboksi imekufa. Nililipia ifunguliwe yote, ikakutwa nzima, ikarudishwa, na ngurumo ikabaki palepale.

Tathmini hii ni ya gereji ya pili. Fundi wake hakushika spana kabla ya kuniuliza mlio unaanza lini na unakoma lini, kisha akaomba tutoke naye majini. Njiani alinifafanulia kwamba mlio unaosikika hata gia ikiwa huru hutafutwa kwanza kwenye injini na vifaa vyake. Mkanda uliolegea hupiga kelele kali, hasa injini inapowashwa, na mgongano wa sailensa (injini ikizunguka polepole bila kuongezewa mafuta) unaopotea ukiongeza mafuta kidogo mara nyingi hutoka kwenye bamba la springi lililo kati ya injini na giaboksi. Mlio unaoanza gia inapoingia hutafutwa kutoka giaboksi kwenda nyuma, hadi kwenye rafadha. Alisisitiza pia jambo ambalo naona kila mwenye boti ya ekzosi inayopozwa kwa maji anapaswa kulijua: sauti ya ekzosi ikiwa kavu na ya juu ghafla, huenda maji ya kupoza hayapiti, na injini izimwe mara moja.

Tuliporudi alifungua boliti nne za kapolingi, kiungo cha giaboksi na shafti, akazikaribisha nyuso zake mbili, akapitisha filagauji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) pande zote nne. Chini, kibamba cha milimita 0.05 kiliingia kwa shida. Juu, cha milimita 0.45 kilipita bila kugusa popote, ilhali kwa kapolingi ya kipenyo cha milimita 100 tofauti haipaswi kuzidi takriban 0.1. Raba za mbele zinazobeba injini zilikuwa zimelowa dizeli iliyovuja kwenye filta, zikalainika, na injini ikainamia omo, yaani mbele ya boti. Alibadilisha raba zote nne, akaziba uvujaji, akalinganisha upya boti ikiwa inaelea, kwa kuwa umbo la boti hubadilika kidogo ikipandishwa nchi kavu. Ngurumo imekwisha, na hata maji yanayodondoka kwenye pakingi ya shafti, kizibo cha pale shafti inapotokea nje ya boti, yamepungua.

Nina lalamiko moja. Shafti iliyokaa nje ya mstari wake kwa muda mrefu hula beringi ya raba ya tezini, ile inayolainishwa na maji yenyewe, na fundi hakunitahadharisha. Wiki mbili baadaye nilisikia mkwaruzo mwembamba kwenye mwendo wa polepole, tukalazimika kuipandisha boti na kubadilisha beringi hiyo. Nilipomweleza, alikubali kwamba alipaswa kuniambia, na kazi hiyo hakunitoza ufundi.