Shule mbili za urubani: niliyolipa kwanza na niliyomalizia

Tangu nirudi Dar na CPL yangu, yaani leseni ya rubani wa kibiashara, haipiti wiki bila kijana kunipigia simu kuuliza nilisoma wapi na ilikula shilingi ngapi. Hapa Tabata mtu akisikia wewe ni rubani anadhani umezaliwa Masaki. Mimi mzee wangu aliuza kiwanja Chanika, na sehemu nzuri ya hela ile imeliwa na shule ya kwanza.

Jina lake naliacha. Ilikuwa nje ya nchi, na kilichonivuta ni bei: dola 150 kwa saa ya Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, na ukilipia kwa mkupuo unapunguziwa. Nililipa nusu kabla sijakanyaga pale. Picha zilionyesha ndege sita zimejipanga, na nilipofika zilikuwepo sita kweli, hawakudanganya. Asubuhi ya kwanza nikazizunguka taratibu. Moja haina propela. Nyingine matairi yamelala kama chapati. Ya tatu nilichungulia matundu ya mbele yanayopitisha hewa ya kupoza injini, nikakuta majani makavu na manyoya: ndege kajenga kiota ndani ya ndege. Zilizokuwa zinaruka ni mbili, na wanafunzi tulikuwa 31.

Maisha yakawa ubao. Jina lako linaandikwa saa nne, aliyekutangulia anachelewa kurudi, mawingu yanashuka, siku imekwisha, kesho tena. Wiki tatu nikapata saa nne za angani. Na kuruka si kama baiskeli. Ukikaa wiki mbili hujagusa usukani, siku ya kurudi unajifunza kutua upya, na saa hiyo unailipa wewe. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, PPL, yaani leseni ya rubani binafsi, inataka angalau saa 40, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa; CPL ni 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Bei niliyotangaziwa ilipigwa kwa kiwango hicho cha chini kabisa. Mimi PPL nimeimaliza kwa saa 58. Hebu zidisha mwenyewe uone unafuu ulikwenda wapi.

Nilipotaka kuhama, mkataba ulikuwa na mstari mmoja ukurasa wa mwisho: fedha iliyolipwa hairudishwi. Nikampigia mzee. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hizo ndege ulizihesabu kabla ya kulipa au baada?"

Safari ya pili nilipanda basi mpaka Nairobi, nikakaa siku tatu jirani na uwanja wa Wilson bila kuingia ofisi ya mtu. Asubuhi nasimama nje ya uzio na daftari, naandika namba za ndege zinazopaa na mara zinazorudi. Mchana nakunywa chai na wanafunzi, maana wao ndio wanaojua nani kakwama na kwa nini. Shule niliyochagua ilikuwa ghali zaidi, dola 190 kwa saa, mafuta ndani yake. Ila ndege zake nne zote niliziona hewani, na unalipa kidogo kidogo kadiri unavyoruka.

Haikosi kasoro. Wilson ina msongamano, na mita ya Hobbs, ile ya saa unazolipia, inahesabu injini ikiunguruma, hata mkiwa foleni chini mnasubiri ruhusa ya kupaa. Kuna siku robo saa ya hela yangu iliishia kwenye lami. Halafu uwanja uko kama futi 5,500 juu ya bahari, hewa nyepesi, Cessna yenye watu wawili inapanda kwa kujivuta. Mwanzoni niliogopa. Sasa nashukuru, kwa sababu aliyezoea hapa Dar, ambako uwanja hauzidi futi 200, anaweza kudhani ndege huwa inapanda kwa wepesi kila mahali.

Kitu kingine: kapime afya kabla ya kutuma hata senti. CPL inadai cheti cha daraja la kwanza, kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya anga. Mwenzangu mmoja alilipa kwanza, akapima baadaye, ikabainika macho yake yanachanganya nyekundu na kijani. Nilimsindikiza mimi stendi.

Na gharama haziishi siku ya kufaulu. Leseni ya nje haikupi ruhusa ya moja kwa moja kurusha ndege za usajili wa 5H, yaani za kwetu. Nimepanda daladala za Banana mpaka makondakta wamenizoea, nikifuatilia TCAA, mamlaka yetu ya anga, pale Ukonga: fomu, ada, mtihani wa sheria za anga. Hakuna shule iliyoniwekea hilo kwenye bajeti. Ajira nayo ni suala lake. Barua zangu ziko kwa kampuni za Caravan, zile ndege ndogo za abiria, zinazokwenda Zanzibar na Mafia, bado nasubiri.

Shule ya kwanza naipa nyota moja, na hiyo ni ya mama wa jikoni, maharage yake yalikuwa ya nazi. Ya pili nyota nne. Moja nimeibakiza kwa ile foleni.