Wasaidizi wa kisheria kwa vibarua wa mashambani: waliniuliza kazi kwanza, karatasi baadaye

Kibarua yeyote wa shamba kubwa aliyeambiwa "kesho usije" bila maelezo, nampendekezea huduma ya wasaidizi wa kisheria. Shauri langu bado linaendelea, lakini walivyonihudumia nimeridhika.

Karatasi niliyosainishwa inasema mimi ni kibarua wa msimu niliyeletwa na wakala. Dada aliyenipokea aliisoma, akaiweka kando, akaanza kuuliza. Nani anakupangia mstari wa kuchuma chai? Kikapu ni cha nani? Ukiumwa, unaweza kumtuma mdogo wako akuchumie? Msimu ukiisha unaitwa tena? Kisha akapanga vijikaratasi vyangu vya mizani mezani kwa tarehe, vingine vimekunjamana na vina madoa ya utomvu, akavipiga picha kimoja kimoja. Miezi ilifuatana bila pengo.

Akanieleza kwamba Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataka ajira ipimwe kwa namna kazi inavyofanyika na kulipwa, hata kama mkataba unasema vingine. Anayekuelekeza, mwenye vifaa, kama hiyo ndiyo riziki yako kuu: zote ni dalili.

Kwa nini hadhi, yaani kama wewe ni mwajiriwa au la, ije kwanza? Mkataba namba 158 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1982, unadai sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na anayetuhumiwa kwa mwenendo wake apewe nafasi ya kujitetea. Ila unaruhusu nchi kuwaacha nje vibarua wa muda mfupi. Ndiyo maana waajiri wanaling'ang'ania neno "kibarua". Pia hakunificha kwamba nchi nyingi hazijauridhia mkataba huo, kwa hiyo alianza na sheria ya nchi. Huo ukweli niliupenda sana.

Foleni ni ndefu, na barua waliyomwandikia mwajiri ilijaa lugha ya mawakili. Nilipoomba, walinisomea upya kwa maneno ya kawaida.

Linaloniudhi ni moja. Muda wa kufungua shauri una ukomo, na huwa unahesabiwa tangu siku ulipoachishwa. Niliyekaa naye kwenye foleni aliambiwa muda wake umeshapita, naye alikuwa na vijikaratasi vingi kuliko mimi. Tangazo la jambo hilo lingebandikwa mlangoni, kwa maandishi makubwa, na nakala zipelekwe hadi kwenye makambi ya wafanyakazi.