Swichi ya poti 24 kutoka Luthuli: chuma kizuri, mipangilio iliyonilaza macho

Swichi hii, yaani kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao kwa kebo, niliinunua katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi, kwa ajili ya gesti ya mama mmoja kule South B. Vyumba ni 26, kila kimoja na TV yake, na chini ya ngazi kuna kisanduku kinachopokea chaneli 30 kutoka kwenye dishi na kuzirusha ndani ya mtandao kwa multikasti, yaani kila chaneli hutumwa mara moja tu kwa kundi zima la TV zinazoitaka. Chapa siitaji, kwa sababu tatizo nililokutana nalo nimewahi kuliona kwenye chapa nyingine mbili, na sitaki mtu adhani akiikwepa hii moja amepona.

Swichi yenyewe sina lawama nayo. Haina feni, kwa hiyo pale nyuma ya mapokezi hakuna kelele, na miezi sita sasa haijapoteza hata poti moja.

Siku ya kufunga, picha zilitoka safi vyumba vyote. Nilikuwa bado kwenye matatu nikielekea nyumbani simu ikalia. "Fundi, picha zimeganda. Mgeni akihama chaneli akirudi inaonyesha, halafu inaganda tena." Mama yule alinisaidia sana kwa maneno hayo. Kama picha inarudi kila ukihama chaneli, basi kisanduku ni kizima na kebo ni nzima.

Kesho yake niliketi chumba namba 7, simu mkononi, nikapima muda. Dakika 4 na sekunde 20, ikaganda. Nikarudia, ikawa vilevile. Hizo ni sekunde 260, na yeyote aliyeshughulika na IGMP, ile lugha ya kujiunga na makundi ya multikasti na kuyaacha, anaijua hiyo namba. TV inayotaka chaneli hutuma ujumbe wa kujiunga na kundi. Swichi yenye snupingi, yaani uwezo wa kuchungulia, huusoma ujumbe huo, huiandika poti ile kwenye jedwali, na strimu huwafikia waliojiandikisha tu. Lakini kujiandikisha kuna mwisho wake. Lazima awepo mwulizaji, ambaye kwenye menyu anaitwa kweria, wa kuuliza kila sekunde 125 nani bado anatazama. Asipouliza, TV hunyamaza. Na zikipita 125 mara mbili, pamoja na 10 za kusubiri jibu, swichi huifuta poti kwenye jedwali.

Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na ruta inayojua multikasti. Gesti haina ruta ya namna hiyo, ina kile kidude cha intaneti tu. Nilipofungua Wireshark, programu ya kuona data inayopita mtandaoni, kwenye laptopu nikaona TV zikijiunga, lakini swali halikuja hata moja. Swichi hii hutoka kiwandani snupingi ikiwa imewashwa na kweria ikiwa imezimwa, bila onyo popote, si kwenye menyu wala kwenye kijitabu. Hapo ndipo ninapowalaumu waliotengeneza.

Nilimpigia muuzaji. "Zima tu hiyo snupingi bosi, itafanya." Ushauri huo unatembea sana pale mjini na ni mbaya. Chaneli 30 za megabiti 4 kila moja ni megabiti 120. Bila snupingi swichi humwaga zote kwenye kila poti, na TV za gesti hii zina poti za megabiti 100. Nilizima kwa dakika moja ili mwenye gesti ajionee, na picha zikakatika vipande vipande vyumba vyote.

Dawa yake ni fupi ukishajua ilipo. Kweria haiko kwenye ukurasa wa snupingi, imefichwa ndani ya ukurasa wa VLAN, yaani mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi moja. Nikaiwasha kwenye VLAN 20 na kuipa swichi anwani 10.20.0.2. Msiruke hatua ya anwani: bila hiyo, swichi hii huuliza kwa jina la 0.0.0.0, na baadhi ya TV hazikujibu kabisa. Nikakaa mapokezi nusu saa na kikombe cha chai, na hakuna picha iliyoganda.

Yakabaki mawili. Vyumba vinne vya nyuma vimeungwa kwa swichi ndogo kwenye poti 24, na mpangilio wa kuondoka haraka ulikuwa umewashwa. Wageni wanne wakitazama mechi moja, mmoja akihama chaneli, swichi ilikata poti nzima na wengine watatu wakakosa picha mpaka kweria iulize tena. Nimeuzima hapo tu. Kwenye poti zenye TV moja moja unafaa sana, kwa kuwa chaneli iliyoachwa hukatwa papo hapo.

La pili liliniuma zaidi. Jumapili stima ilipotea, ikarudi, na picha zikaanza kuganda upya. Kitufe cha kukubali mabadiliko hakihifadhi kitu; kuhifadhi ni ukurasa mwingine kabisa, kwenye menyu ya mwisho. Kwa mji ambao stima hupotea bila kuaga, mpangilio kama huu unamwonea fundi na mteja wake.

Hata hivyo nimenunua nyingine mbili, moja ya kanisa Umoja na moja ya hosteli Ngara. Zote mbili niliziwekea kweria na kuhifadhi, kisha nikachomoa waya wa stima na kuurudisha, kabla hazijatoka mezani kwangu.