Fundi wa kujalidi vitabu, Moshi mjini: nilimpelekea Biblia ya Bibi

Kama una kitabu cha familia kilichochakaa na unatafuta mtu wa kukijalidi upya, kuna mzee mmoja Moshi mjini, ana kibanda jirani na soko la kati. Nikuonye mapema: hana haraka, hatoi risiti, na kazi yangu aliikosea mara moja. Hata hivyo kitabu kingine nikiwa nacho nitampelekea yeye.

Biblia ni ya Bibi, mama yake baba. Tulimzika kihambani, shamba la familia, Old Moshi, mwaka jana mwezi wa nane, akiwa na miaka 88. Ni Union Version, tafsiri iliyotoka 1952, na yeye alipewa na mchungaji siku ya ndoa yake mwaka 1956. Mpaka anatuachia, jalada la mwanzo lilikuwa limeshasahaulika. Aliivika kalenda ya kanisa, kila Januari kalenda mpya juu ya ile ya zamani, halafu akaifunga kwenye kanga. Kitabu cha Mwanzo chote kilikuwa kinachomoka kama droo. Na inanuka moshi, maana aliisomea jikoni alfajiri, akisubiri maziwa yachemke.

Nilianzia kwenye duka la stesheneri ambalo sitalitaja. Kijana wa pale, mchangamfu kweli, aliigeuzageuza akasema ni kazi ya nusu saa: wanakata kingo tatu kwa mashine ili kurasa zilingane, wanapaka gundi ya moto mgongoni, wanaweka jalada la plastiki. Elfu kumi na mbili. Nikamwuliza wanakata kiasi gani. "Milimita tano tu, dada. Pembeni kwenyewe hamna kitu, ni michoro."

Nikaifunga tena Biblia kwenye kanga yake nikatoka.

Bibi alisoma mpaka darasa la nne, wakati wa Mwingereza, na hakuwahi kuwa na daftari. Mambo yake yote yako pembeni mwa hizo kurasa, kwa kalamu ya risasi. Kahawa debe ngapi. Mvua imeanza lini. Ng'ombe amezaa, jike. Kwenye Zaburi ya 121, ile ya kuinua macho milimani, kushoto kuna tarehe tupu zimepangwa kama hesabu za duka, na kulia kuna nyingine. Ilinichukua siku mbili za msiba kuelewa. Kushoto ni siku mtu wa nyumba ile alipopanda basi kwenda mbali: shule, jeshi, kazi Dar. Kulia ni siku aliporudi salama. Yangu ya kwanza ni ya 1999, naenda bweni, nalia mpaka Himo. Tarehe mbili za kushoto hazina mwenzake kulia. Baba zangu wadogo wawili.

Milimita tano zingekula tarehe zote za kushoto.

Mzee wa sokoni nilielekezwa na shangazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yako kwenye kanga. Akanawa mikono kwenye ndoo, akaikausha, ndipo akaipokea. Alikaa nayo kama robo saa akifungua ukurasa mmoja mmoja, mimi nimesimama, wateja wa daftari za hesabu wanapita. Kisha akasema, "Hii haikatwi." Sikuwa nimemwambia chochote.

Anasema ufundi wake aliupatia Vuga, kule Lushoto, kwenye kiwanda cha uchapaji cha kanisa, akiwa kijana. Namna anavyofanya kazi, kwa wanaotaka kujua pesa yao inakwenda wapi: anafumua uzi wa zamani wote, anakwangua gundi iliyokauka mgongoni, halafu anazishona karatasi fungu kwa fungu, kwa sindano na uzi aliouburuza kwenye nta. Kurasa zilizochanika anazibandika karatasi nyembamba inayoruhusu maandishi kuonekana. Gundi anapika mwenyewe kwa unga wa ngano. Anadai hiyo fundi wa baadaye anaweza kuilowesha akaifungua bila kuumiza karatasi, ila hizi za chupa zikishika zimeshika. Halafu kitabu kinabanwa kwenye jiriwa, siku tatu. Jalada ni kadi nene iliyovikwa kitambaa cheusi, elfu arobaini. Kuna la ngozi ya mbuzi kwa elfu sabini. Nilichukua kitambaa. Bibi angeniuliza hiyo elfu thelathini nyingine imekosa bahasha ya sadaka ya kuingia?

Sasa malalamiko. Aliniahidi wiki moja, zikawa tatu. Simu anapokea anapotaka. Nilipoifuata mara ya kwanza nikaikagua palepale (naomba na wewe ukague palepale), nikakuta fungu moja limeshonwa mahali pa jingine: Yeremia anakatika katikati ya sentensi, anaingia Ezekieli, Maombolezo yako mbele huko yamepotea njia. Nilimwonyesha. Hakubisha, hakuomba radhi sana, alichukua wembe akaanza kufumua mbele yangu. Siku tano nyingine, bila pesa ya ziada. Kama unaishi mbali kama mimi ninayetoka Dar, hizo siku tano ni nauli na ruhusa ya kazini, kwa hiyo simpi alama zote.

Lakini kuna jambo la jani.

Katika kufumua, Mathayo 18, alikuta jani la isale, ule mmea wa mipakani kwetu Uchagani, limekauka, limekuwa jepesi kama karatasi yenyewe. Fundi mwingine angelipuliza na vumbi. Yeye aliliweka kwenye bahasha, akaandika juu yake ukurasa lilikotoka, na niliporudi akaniuliza taratibu, "Mama, huyu bibi alikuwa anamwomba nani msamaha?" Wachaga mnajua: ukimpelekea mtu isale umekwenda kwa unyenyekevu wote, na kulikataa ni jambo zito. Mimi sikuwa na jibu. Jioni nikampigia shangazi. Akacheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaniambia habari ya ugomvi wa zamu ya maji ya mfereji. Bibi na wifi yake hawakusemeshana miaka minne, wanakaa benchi moja kanisani, kila mmoja ncha yake. Na Bibi wakati huo ni mzee wa kanisa, anapita nyumba za watu kuwapatanisha! Asubuhi moja aling'oa isale mpakani akaenda nalo kwa wifi, mbele ya watoto. Wifi alilipokea, na mwezi uliofuata akalirudisha limefungwa pamoja na mkungu wa ndizi. Ndilo hilo.

Nimelirudisha kwenye Mathayo 18.

Jambo jingine alilolionyesha fundi mwenyewe, kwa kidole, akitabasamu: Wakorintho wa Kwanza 14, pale Paulo anapotaka wanawake wanyamaze kanisani. Pembeni kuna mwaka tu, 1990, na alama ya vema. Ni mwaka KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, ilipokubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji. Hili nilikuwa nalijua, kwa sababu nilipokuwa msichana nilimwuliza Bibi kama anabishana na Mtume. Akasema, "Simbishii. Namjulisha tulipofika."

Kazi iliyokamilika inafunguka mezani ikalala bila kushikiliwa, uzi hauonekani, na harufu ya moshi bado ipo, nilikuwa naiogopea hiyo. Mwishoni ameongeza karatasi nne tupu ambazo sikuziagiza. Shangazi ambaye ndiye anakaa nayo sasa ameshatia tarehe ya kwanza, lakini siyo huko: amebana kwenye Zaburi ya 121, kushoto, chini kabisa, siku niliyopanda basi kurudi Dar.

Mambo madogo. Jumatano hayupo. Asubuhi ni bora, mchana jua linampiga usoni na ndipo anapokosea, nadhani Ezekieli wangu alishonwa mchana. Lipa nusu kwanza, nusu ukishakagua. Beba mfuko wako wa kitambaa. Mimi nilisahau kanga ya Bibi pale, nikarudi kesho yake nikiwa na hofu kwamba imeshapotea. Nikaikuta imefunika jiriwa, vumbi la soko lisiingie kwenye kitabu cha mtu mwingine. Nilimwachia.