Kishikwambi cha kwenda nacho shambani: kipime kwa Palm na Psion

Maduka ya simu yaliyozunguka soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, na yale ya Miyomboni kule Iringa, yamejaa vishikwambi: vya boksi, vya mtumba, vyenye kava la kung'aa na kalamu ya bure. Muuzaji ataanza na kamera. Afisa ugani wa kahawa Mbozi, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au mpima mashamba wa Njombe ana maswali mengine. Kinasomeka juani? Kikiishiwa chaji saa sita mchana nafanyaje? Kidole kikilowa kinanisikia? Watengenezaji wa kompyuta za kiganjani za miaka ya 1990 waliyafanyia kazi maswali hayo hayo, na wengine waliyajibu vizuri kuliko wanaouza leo.

Chukua Pilot ya kwanza ya Palm, ya mwaka 1996. Toleo dogo lilikuwa na memori ya kilobaiti 128 tu, na kioo cha nukta 160 kwa 160 kisicho na rangi. Kabla haijatengenezwa, mbunifu wake Jeff Hawkins alichonga kipande cha mbao cha ukubwa ule akawa anatembea nacho mfukoni, akijifanya anakitumia, ili ajue kama kitabebeka. Kifaa chenyewe kiliwaka papo hapo ukibonyeza kitufe, na betri zake mbili za AAA, zile za rimoti, zilikaa wiki kadhaa. Zikiisha unanunua nyingine duka lolote. Ila uzibadilishe haraka: kilichoshikilia memori wakati betri ziko nje kilikuwa na nguvu ya takriban dakika moja.

Katika kuandika ndipo Palm ilipoishinda Newton ya Apple. Newton, iliyotoka 1993, iliahidi kusoma mwandiko wa mtu yeyote, ikawa inakosea mpaka watu wakaifanyia utani. 1998 Apple ikaachana nayo. Palm iliomba mtumiaji ajifunze herufi zake, kila moja kwa mkwaruzo mmoja: A ilikuwa kama paa la nyumba, bila mstari wa katikati. Ahadi ndogo iliyotimia.

Psion Series 5 ya Uingereza, 1997, ilikuwa na kibodi ya kuandikia ripoti nzima, betri mbili za AA, na betri ya pili bapa kama sarafu ya kulinda memori wakati unabadilisha zile kubwa. Ugonjwa wake unajulikana: utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha mwili na kioo hupasuka kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi, mistari ikatokea kiooni. Halafu 2000 Compaq ikaleta iPAQ: rangi 4,096, prosesa ya megahezi 206, memori ya megabaiti 32. Nzuri kuitazama, lakini betri ilifungiwa ndani na kazi zako zilikaa kwenye memori inayohitaji umeme muda wote. Ukiisahau kwenye droo mpaka chaji iishe kabisa, majina, tarehe na maandishi yote yamefutika. Vishikwambi vya leo havipotezi data namna hiyo. Kinachopotea ni siku ya kazi, kwa sababu mtindo wa kufungia betri ndani ndio ulioshinda.

Sasa turudi kwenye kabati la muuzaji.

iPad za mtumba ndizo zinazovutia zaidi, na ndizo zenye mitego mingi. iPad 2 na iPad mini ya kwanza (2012) ziliishia iOS 9, iPad Air ya kwanza (2013) ikaishia iOS 12. Betri inaweza kuwa bado nzima na kioo safi, ila programu nyingi zinakataa kusakinika, kwa hiyo bei yake hata ikiwa nusu bado ni kubwa. Fungua mipangilio, soma namba ya toleo kabla ya kuuliza bei. Hakikisha pia kifaa kimetolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani: kifute chote mbele ya muuzaji, ukiwashe upya, uone kama kitadai nywila ya mtu usiyemjua. Vilivyokuwa vya shule au kampuni za nje huwa na kufuli la usimamizi linalorudi kila ukikifuta. Na wapima mashamba wazingatie hili: iPad isiyo na sehemu ya laini haina GPS, kile kipokezi cha setilaiti kinachojua ulipo. Itakuonyesha uko mjini, lakini haitapima ekari.

Android za bei ya chini za boksi zina uongo wa aina nyingine. Mipangilio itakuandikia RAM ya gigabaiti 12 na hifadhi ya gigabaiti 512, boksi litasema kioo ni HD kamili, kumbe ndani mna kifaa cha zamani kilichofundishwa kusema hivyo. Programu za kusoma vipuri zinasaidia, ila nazo hudanganyika. Faili halidanganyiki. Nenda na memori kadi au flashi yenye video za jumla ya gigabaiti 40 hivi, nakili zote ndani, zima, washa, kisha cheza ya kwanza na ya mwisho. Hifadhi ya uongo hujaa kabla ya wakati au huharibu data, kwa hiyo kunakili kutakatika au video mojawapo itagoma. Zoezi linachukua nusu saa au zaidi. Muuzaji akinuna, umeshapata jibu lako. Kama kinaingia laini, piga *#06#, kisha tuma namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) itakayotokea kwenda 15090 ulinganishe jina la kifaa na lile la kwenye boksi. Malizia kwa kufungua programu ya kuchorea na kujaza kioo chote kwa mistari ya kidole: mahali mstari unapokatika, tachi imekufa.

Kuhusu mvua. Vioo vya Palm na Psion vilisikia mgandamizo, hivyo ukucha au kijiti vilitosha. Vya leo vinasikia umeme kidogo wa ngozi, na maji hupitisha umeme. Tukuyu, ambako mvua ni ya karibu kila siku kwa miezi, tone moja linaweza kujaza fomu peke yake. Kitambaa kikavu ndani ya mfuko wa plastiki kina thamani kuliko protekta ya pili. Baridi ya Makete na Kitulo mwezi Juni na Julai inapunguza muda wa betri, na kuchaji kifaa kilichokuwa nje kwenye sakitu kunaiumiza. Kiache ndani ya nyumba kipoteze ubaridi kwanza. Usikilete moja kwa moja karibu na jiko la mkaa, mvuke utaganda chini ya kioo. Vumbi ni la kiangazi: chaji ikianza kuchagua upande wa waya, zima kifaa, chokonoa tundu kwa njiti ya mti, kamwe si sindano.

Hesabu ya chaji wengi huikosea. Kishikwambi cha inchi 10 chenye betri ya 7,000 mAh kinabeba kama saa-wati 27. Pawabenki ya 10,000 mAh ina 37, lakini karibu theluthi hupotea kwenye kubadilisha umeme na waya, zinabaki 25: haijazi hata mara moja. Chaja ya simu ndogo ya wati 5 itachukua zaidi ya saa sita kioo kikiwa kimezimwa, na ukikitumia huku kinachaji asilimia inaweza kushuka. Tafuta ya wati 10 kwenda juu. Kwa wenye sola, chaji pawabenki mchana, kisha kishikwambi kutoka kwenye pawabenki, maana wingu likipita kishikwambi hukata na kuunga mara mia. Mabondeni ambako mtandao ni wa kubahatisha, weka hali ya ndegeni: kifaa kinachotafuta mnara kinakula chaji bure, na GPS ya Android inaendelea kufanya kazi, ingawa hushika setilaiti polepole.

Kwa sokoni leo, kinachokaribia Psion ni Samsung Galaxy Tab Active5, ya 2024. Inchi 8, gramu 433, haiingii maji wala vumbi kwa daraja la IP68, inaguswa kwa glavu, kalamu iko ndani ya boksi, na betri yake ya 5,050 mAh unaitoa kwa kucha. Inaweza hata kufanya kazi bila betri ikiwa imechomekwa kwenye umeme, jambo zuri kwa ofisi ya mizani. Prosesa ni ya kawaida, kioo kwenye jua la saa saba kinataka mandhari nyeupe na maandishi meusi, na bei inauma kwa mtu mmoja. Kwa chama cha ushirika inalipa. Kwa wasioifikia kuna habari ya kuvizia: tangu Juni 20, 2025 vishikwambi vipya vinavyouzwa Umoja wa Ulaya vinatakiwa betri ibakize asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 800, na masasisho ya mfumo yaendelee angalau miaka mitano baada ya toleo kuacha kuuzwa. Mtumba wa Ulaya hufika huku baada ya miaka michache.

Ukinunua Active5, agiza betri ya pili siku hiyo hiyo, na uihifadhi ikiwa na nusu ya chaji.