Reli ya Namanve au Northern Bypass: ipi inamwacha mpangaji abaki?

Tukisema usafiri wa Kampala upanuliwe, swali langu la kwanza ni nani atahamishwa.

Northern Bypass, barabara ya mchepuko ya kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, ilifunguliwa 2009. Pita Naalya au Kyaliwajjala, mitaa iliyo kando yake, uone: vyumba vya kupanga vya mlango mmoja vinavunjwa, maghorofa yenye geti na mlinzi yanasimama. Mwenye kibanja, yaani anayekalia kipande cha ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwingine, huenda akalipwa fidia, maana Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua. Mpangaji wake hapati kitu. Anafunga godoro juu ya bodaboda na kusogea mbali zaidi, kisha nauli ya taksi (matatu) inameza kile alichookoa kwenye kodi.

Treni ya abiria ya Kampala–Namanve, iliyoanza Desemba 2015, inatumia njia iliyojengwa zamani, kwa hiyo ardhi mpya inayohitajika ni kidogo. Nauli yake ni nafuu. Lakini nayo ina jeraha lake: mwaka 2014 waliojenga kwenye hifadhi ya reli, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kando ya njia, huko Ndeeba na Namuwongo, walibomolewa. X nyekundu ukutani, halafu tingatinga.

Hata hivyo naichagua reli, mradi watu wa hifadhi wapewe pa kwenda kwanza. Barabara inamfaa zaidi mwenye gari. Na kote kuwili, sheria ya wapangaji ya 2022, inayozuia kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, isimamiwe kuanzia siku mradi unapotangazwa, kabla madalali hawajafika.