Wamenimwagia gundi kwenye kioo cha Scania, wananiambia niweke tinted

Seti yenyewe, ya vipande vya kuunga lori dogo la plastiki, sina ugomvi nayo. Natanguliza hilo asije mtu akadhani nawasema Italeri, Wataliano walioitengeneza. Ugomvi wangu ni na duka la Dar lililoniuzia, hasa yule kijana anayepokea simu, na hasa zaidi lile neno alilolitamka. Jina la duka nalihifadhi. Tunaounda magari ya plastiki nchi hii si wengi kiasi hicho, atakayeelewa ataelewa.

Nilichoagiza ni Scania 143 ya skeli 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko ya kweli, kichwa peke yake bila tela. Ujanani nimepiga utingo kwenye 113, kwa hiyo zile namba sihitaji kufundishwa: 11 ni lita za injini, 3 ni toleo. Nikaona nichukue kaka yake wa lita 14, ile V8 ya silinda nane, kisha niigeuze kwa mkono wangu iwe gari ya kwetu: bampa la bomba la waya wa shaba, keria juu ya kebini, turubai lililokunjwa likafungwa kamba, raba za madigadi zenye maandishi, na vumbi la Pongwe, huku kwetu Tanga, kila kona. Vumbi nilishaliandaa kabla hata ya kulipa hela. Nilikwenda mwenyewe kulichota kando ya barabara, nikalichekecha kwa soksi ya kike, nikaliweka kwenye kopo. Mama watoto aliuliza mara moja tu, akaacha.

Pamoja na seti nikaomba kichupa cha gundi, ile nyepesi kama maji yenye brashi kifunikoni. Tanga sijaiona inauzwa popote. Supaglu ipo Ngamiani nzima, kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka uchoke mwenyewe, ila kwa kazi hii supaglu ni ya kuombea msaada tu. Inapokauka inatoa mvuke, na mvuke huo ukifika kwenye plastiki angavu unaacha ukungu mweupe. Ile nyepesi haifanyi kazi ya kunata kabisa. Inayeyusha. Unashikanisha vipande viwili, unagusisha ncha ya brashi kwenye mstari, gundi inajipenyeza yenyewe, plastiki ya huku na ya kule inalainika na kuwa kitu kimoja. Fundi wa kuchomelea atanielewa, ni kazi yake ileile isipokuwa haina moto.

Sasa niambieni. Kitu ambacho kazi yake ni kuyeyusha plastiki, ukikisafirisha unakiweka wapi?

Wao walifungua boksi la seti, boksi ambalo mimi nimelilipia likiwa limefungwa, wakakichomeka kichupa humo ndani, juu ya kimfuko cha vioo. Si chini, si pembeni. Juu ya vioo. Kichupa chenyewe hakina hata nailoni. Wakapiga selotepu, wakapandisha kwenye basi, na ile buti ya basi mnaijua joto lake kuanzia Chalinze mpaka Segera.

Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, nilipokwenda kuuchukua mzigo, nilijua kabla sijaufungua. Boksi lilikuwa linanuka gundi mpaka yule binti wa mizigo akanitazama. Nilifungulia palepale kwenye benchi, watu wanapita na mabegi yao. Fremu za plastiki zinazoshika vipande nzima, matairi mazima, chasi imenyooka. Kimfuko cha vioo kimeng'ang'ania. Nilipokivuta kikatoka na ngozi ya kioo cha mbele. Kona ya chini upande wa dereva ilikuwa imelegea na kujikunja kwa ndani, na ile mikunjo ya nailoni ikawa imejichora juu yake, mkunjo kwa mkunjo, unaihesabu kwa kucha. Sehemu iliyobaki imejaa nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka ukielekeze kwenye mwanga. Vioo vidogo vya milango vilipona. Taa zilipona. Cha mbele tu, ambacho ndicho uso wa gari.

Nikapiga picha, nikatuma, nikapiga na simu. Kijana akapokea kwa adabu zote, shikamoo mzee wangu, za Tanga, mvua inanyesha huko? Nikamweleza. Akasema ngoja aangalie picha. Kimya mpaka usiku. Kisha ikaingia sauti yake WhatsApp, na nainukuu kama ilivyo kwa sababu nimeisikiliza mpaka naijua: "Mzee wangu, sasa si toi hiyo? Mjukuu atajua kioo kweli? Wewe paka rangi nyeusi, sema umeweka tinted." Na nyuma yake kuna mtu anacheka. Hicho kicheko ndicho kilichonikosesha usingizi, kuliko hata kioo.

Toi! Toi unauziwa Soko la Uzunguni, lina betri na linalia king'ora. Mimi nimenunua kitu chenye injini ninayoiunganisha kipande kwa kipande, propela shafti, difu, springi za majani, usukani, viti vya kupakwa rangi kimoja kimoja. Mjukuu haruhusiwi hata kulisogelea. Na lori gani duniani linatiwa tinted kioo cha mbele? Dereva aone barabara kwa ramli? Trafiki wa kwanza tu angemshusha. Anayeuza vitu hivi na anajibu hivyo hajui anachouza, na hapo ndipo hasira yangu ilipogeuka ikawa ya pili, maana bei yao si bei ya toi. Kwenye bei wanajua ni kitu cha wataalamu, kwenye lawama kinageuka toi.

Muuzaji anayeijua kazi angeniambia mambo. Angeniambia matairi yale ya laini yakikaa yanaila plastiki ya rimu, kwa hiyo pakaza rangi ndani ya rimu kwanza. Angeniambia rangi ya gari ninayochanganyiwa huku mtaani, thina yake ni kali, usipotanguliza praima nyembamba inakula bodi. Angenikumbusha kwamba seti nyingi za Wamarekani ni 1/25, hizi za Wataliano na Wajapani 1/24, usije ukachukua dereva wa seti moja ukamkalisha kwenye nyingine akaonekana mtoto wa shule. Haya nimeyajua kwa kuharibu hela yangu. Yeye kwa kuniuzia alipaswa kuyajua bure.

Tangu siku ile kila kitu chao kikawa kibaya machoni pangu. Selotepu ya bei rahisi. Risiti imekosea jina langu. Hata rangi ya kebini ilipofanya ukungu mweupe nikawalaani wao, na hiyo ni masika ya Tanga tu, unyevu wa bahari, ukipuliza rangi siku ya mvua inashika maji kabla haijakauka. Hawakuhusika. Lakini ningekuwa na kioo kizima ningesubiri jua kwa moyo mweupe.

Nikamtumia ujumbe wa mwisho wa kistaarabu: niletee kioo, au nirudishie hela ya kioo. Akajibu vioo haviuzwi peke yake, mzee wangu, labda ununue seti nyingine. Anachosema ni kweli, dukani kwake haviuzwi. Ila jibu la kweli nalo linaweza kuwa la kiburi.

Basi nikalitafuta mwenyewe. Lilikuwepo boksi la shati la Idd, lenye ule mfuniko wa plastiki angavu. Kioo kilichoharibika upande mmoja ulibaki na umbo, nikaulaza kwenye karatasi, nikauchora, nikaikunja karatasi katikati na kuikata ikiwa imekunjwa, ikatoka nusu mbili zinazofanana. Nikahamishia kwenye plastiki, nikakata kwa wembe mpya, kingo nikazisugua kwa msasa wa maji mpaka kikaingia kwenye fremu bila kulazimishwa. Plastiki hii ile gundi yao kali haikuishika hata kidogo, nilijaribisha kwenye makombo. Nikatumia gundi nyeupe ya mbao, inayokauka ikawa angavu, nikabana kwa vipande vya selotepu usiku mzima. Mpira wa kuzunguka kioo nikauchora kwa kalamu nyeusi ya kudumu. Juu nikabandika ukanda, nikaandika kwa herufi ndogo kabisa, Waja leo waondoka leo, kama gari la Tanga linavyotakiwa.

Na hapa lazima niseme kitu kinachoniuma. Kimependeza kuliko kile cha kwenye boksi. Kioo cha seti ni kama milimita moja. Zidisha mara 24, ni kioo cha zaidi ya sentimita mbili, lori gani linacho? Plastiki ya boksi la shati ni kama theluthi ya milimita, ukizidisha unapata milimita nane hivi, ambayo inakaribia kioo cha lori la kweli. Ukichungulia kebini unauona usukani, unaliona taulo nililolitupia kwenye kiti cha utingo, hakuna mbonyeo wala kivuli kinene pembeni. Rafiki yangu mmoja wa Chumbageni, dereva mstaafu, aliishika akaizungusha kimya kimya, kisha akaniuliza raba za nyuma mbona hazijachanika. Huyo ndiye mtu wa kumuuzia seti.

Kwa hiyo hukumu? Seti, chukueni bila wasiwasi, chasi yake inakaa sawa na kebini inafunga vizuri. Duka nilitaka kulipatia nyota sifuri. Baadaye nikasema mbili, kwa sababu mzigo ulifika kwa wakati na, tusidanganyane, seti za malori nimeziona kwao tu, kwingine ni magari ya mashindano ya Kijapani matupu. Nitakuwa mnafiki nikiapa sitarudi. Kuna tela nalitaka. Nikirudi nitaagiza seti peke yake, boksi likiwa na nailoni yake ya kiwandani, na gundi nitamtuma mtu aje nayo mfukoni.

Nilikuwa nimefikia hapo nikaisikiliza ile sauti tena ili niinukuu vizuri, nikakisikia kile kicheko. Nyota moja. Na hela ya kioo bado naidai, kijana, namba yangu unayo.